Nimefuta Video za Marehemu Binti Yetu, na Baba Yake Anakuja

Shangazi, shikamoo. Naomba unisome hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza na ninastahili.

Mimi nachapa kazi za watu nyumbani, kadi za harusi, barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za jirani, na kompyuta ninayotumia ni hiyo hiyo ya familia iliyoko sebuleni karibu na dirisha, ni ya zamani, ukiiwasha inakoroma kama mtu mwenye mafua, lakini ndiyo inayotusogeza, kwa sababu mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, anafanya kazi mbali na nyumbani anakuja kwa likizo tu. Tulikuwa na binti mmoja, tukamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, akaugua, akatutoka, na hapo siandiki zaidi kwa sababu siwezi.

Alichotuachia ni video. Baba yake alimrekodi kwa simu yake, Chiriku amevaa koti la baba yake anajifanya mtangazaji wa taarifa ya habari, anatangaza habari za humu ndani, kwamba mama ameunguza mboga na shangazi yake, wifi yangu, ameficha rimoti, halafu anakatiza habari anamgombeza mpiga picha wake, “Baba, shika simu vizuri, unanikata kichwa!” na baba yake anasikika akicheka. Zilikuwa video kadhaa za namna hiyo, tukazihamishia zote kwenye kompyuta, kwenye folda yenye jina lake, na ile simu baadaye ikamdondoka kazini ikafa kioo. Baada ya mazishi tulikubaliana mimi na mume wangu kwamba hakuna atakayeifungua ile folda peke yake, tutaifungua siku ambayo wote wawili tutaweza, na siku hiyo ikawa haifiki, kila akija likizo tunakaa mbele ya kioo tunaitazama, mmoja wetu anasema bado, tunazima.

Basi Shangazi, kompyuta ikaanza kuwa nzito, nikibonyeza herufi inatokea nikiwa nimeshasahau nilitaka kuandika nini, na siku hiyo nilikuwa na kadi za harusi za kutoa, bwana harusi mwenyewe kasimama mlangoni kila saa ananiuliza, “Dada, bado tu?” likatokea tangazo kwenye kioo, kompyuta yako imejaa, bonyeza hapa isafishwe bure, nikabonyeza, programu ikajiweka, ikazunguka, ikaleta orodha ndefu, ikasema haya ni mafaili makubwa ambayo hayajafunguliwa muda mrefu, bila shaka huyahitaji, tuyaondoe? Nikabonyeza ndiyo. Sikusoma. Nilibonyeza ndiyo kwa yote.

Kompyuta ikawa nyepesi, kadi zikatoka, nikafurahi mpaka nikaimba. Ndipo nikaona folda ya Chiriku ipo na jina lake lipo na ndani mna utupu, nikakimbilia kapu la taka la kompyuta nalo jeupe, ile programu ilishalimwaga.

Tangu hapo sijatulia, napakua programu za kurudisha mafaili yaliyofutwa, kila ninayoisikia naiweka, moja iliniletea majina ya video zile zile nikapiga magoti sebuleni, kubonyeza, ikasema faili haliwezi kufunguka. Kila kinachorudi nakihifadhi humo humo, na cha ajabu kila ninapojaribu tena vinarudi vichache kuliko jana. Kazi za wateja naendelea kuchapa ili watu wasishtuke, na hata barua hii naichapa humo humo, nimeifuta na kuiandika upya sijui mara ngapi.

Sasa mume wangu amepiga simu. Amesema, “Mama Chiriku, nimepata likizo. Safari hii nadhani naweza. Nikija tukae wote wawili, tufungue.” Nikamjibu sawa, baba, nikakata simu nikaenda kujifungia bafuni. Anayejua ni wifi yangu tu, dada wa mume wangu tunayeishi naye, na yeye ameniambia, “Wewe mwagia hiyo kompyuta maji, sema birika limepinduka. Kaka atalia, atanyamaza. Ukimwambia ulibonyeza mwenyewe, hakusamehi mpaka anaingia kaburini.” Na mimi Shangazi birika nimeshalijaza, lipo hapa mezani. Niambie, kuna programu gani nzuri kuliko hizi nilizojaribu? Na kama hakuna, nimwage?

Mama Chiriku

*

Mama Chiriku,

Ondoa hilo birika mezani. Kisha nenda ukutani uchomoe waya wa kompyuta, usiizime kwa taratibu zake, chomoa tu, halafu urudi tuendelee.

Ningekupigia siku ile ile barua ilipofika, lakini hukuweka namba, mwanangu, kwa hiyo nimemwomba mhariri akuweke mbele ya wote waliokutangulia. Pole sana. Nimelia, na mimi si mtu wa kulia ofisini. Sasa tuache kulia, maana umefanya kosa kubwa kuliko lile unalodhani umefanya.

Nimekaa na fundi wa kompyuta wa gazeti hili nikamsomea barua yako. Kwenye tangazo akatikisa kichwa tu, kumbe anaona watu kama wewe kila wiki. Nilipofika pale uliposema “nakihifadhi humo humo”, alinyanyuka kitini. Akanieleza hivi, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Faili likifutwa haliondoki papo hapo. Kompyuta inafuta jina lake kwenye orodha ya wapangaji, basi, chumba kinahesabiwa kitupu ingawa vitu bado vimo ndani. Lakini akija mpangaji mpya anapewa chumba hicho hicho, na vya zamani vinatupwa nje moja kwa moja. Kila programu uliyoiweka ni mpangaji mpya. Kila mtihani wa shule ya jirani uliouchapa. Barua uliyoniandikia mimi, ukaifuta, ukaiandika upya, nayo imeingia humo. Ndiyo maana vinarudi vichache kuliko jana. Tangazo lilimfungulia mwanao mlango, lakini uliyekuwa ukitoa vitu nje ni wewe, kwa mikono yako, huku unatafuta.

Nakwambia hili kwa ukali kwa sababu ukiambiwa polepole utawasha tena ujaribu programu moja ya mwisho.

Unauliza ipi ni nzuri zaidi. Nzuri zipo, na huenda mojawapo uliyoiweka ni nzuri kabisa. Ubaya ni pale ulipoiweka. Programu ya kurudisha mafaili inawekwa kwenye kompyuta nyingine, diski ya kwako inatolewa, inaunganishwa kule kwa waya, na kinachopatikana kinahifadhiwa kwenye diski ya tatu. Kwenye yako hakiandikwi kitu, hata herufi moja. Hilo usilifanye mwenyewe. Tafuta fundi, na kabla hujamkabidhi muulize, “Utafanyia kazi diski yenyewe, au utatoa kwanza nakala yake nzima?” Akisema diski yenyewe, mshukuru, beba mzigo wako uondoke. Akisema nakala, mwachie, na mwambie umeshaweka programu gani na gani. Usimfiche kama unavyomficha mumeo.

Huko kukoroma kwa kompyuta yako kumemfurahisha kidogo fundi wetu. Anasema ni diski ya zamani, ile inayozunguka, na hizo husahau polepole. Hizi mpya zisizo na sauti hufagia chumba zenyewe mara tu faili linapofutwa. Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa jinsi ulivyoitumia, anadhani mtapata vipande, na inawezekana msipate kitu. Jiandae kwa hilo.

Sasa wifi yako. Mwambie nimesema aendelee kuficha rimoti, ushauri autue. Maji yangeua mahali pekee ambapo huyo mtoto huenda bado yumo. Na uongo wake una ubaya mwingine ambao nyote wawili hamkuuona. Hiyo simu ya mumeo iliyokufa kioo iko wapi? Uliandika kwamba ilikufa kioo, hukuandika kwamba ilitupwa. Fundi anasema simu inaweza kufa kioo na kumbukumbu yake ikabaki hai, na kama ilikuwa na kakadi kadogo ka kuhifadhia picha, kanaweza kuwa kamelala kwenye sanduku lake la vifaa huko kazini. Mnaweza kuwa mlihamisha video, mnaweza kuwa mlizinakili tu na zile za mwanzo zikabaki. Anayejua ni yeye. Kwa hiyo hata kama woga umekushika, huna njia ya kumtafuta mwanao bila kumwambia baba yake ukweli. Ukisema birika limepinduka, hiyo simu hutaiulizia kamwe, na siku moja ataitupa.

Mpigie leo, kabla hajaanza safari. Usingoje afike mlangoni na mkoba begani na uso wake umejiandaa. Anza na tangazo, usianze na kujitetea. Atapiga kelele, au atakata simu, na hilo litakuuma. Mwache akate. Akipiga tena, muulize habari ya ile simu.

Mwambie pia namna ile programu ilivyochagua. Haikuchagua takataka. Ilitafuta vitu vilivyokaa muda mrefu bila mtu kuvigusa, na za Chiriku mlikuwa hamjazigusa wote wawili. Sikulaumu kwa hilo, mimi mwenyewe nina kabati ambalo silifungui. Ila ungekuwa na nakala kwenye flashi kwa mama yako, kabati lenu lingekaa limefungwa miaka na lisingeibiwa. Chochote mtakachopata sasa, kabla ya kukitazama, kinakilini mara mbili, na kila nakala ikae nyumba yake.

Halafu kuna neno la mumeo umeliandika ukalipita. Alisema, “Tukae wote wawili.” Neno la kufungua lilikuja baadaye. Basi akija, kaeni, hata kama fundi amewarudishia diski tupu. Wewe msimulie mboga ilivyoungua, yeye akusimulie alivyogombezwa kwa kushika simu vibaya. Mtasahau maneno mengine, na mtabishana koti lilikuwa la rangi gani. Kompyuta iacheni imezimwa.

Shangazi