Mapacha Wangu: Orijino ni Yupi?

Mpendwa mshauri, shikamoo na pole na kazi, naomba msaada wako kabla sijaaibika kanisani. Mimi ni mtunza kitalu cha miti huku Olmotonyi, na mwezi wa pili Mungu alitujalia mimi na mke wangu Anjela mapacha wa kike, Irine na Hope, wanafanana kama shilingi kwa ya pili, nikafurahi mpaka nikacheza mbele ya manesi, lakini wiki ileile redio ikatangaza habari za yule kondoo wa Ulaya aliyenakiliwa kutoka kwa kondoo mwingine, na mwalimu mmoja akatueleza kwamba mapacha wa kufanana nao ni yai moja lililogawanyika, ndipo moyo ukaanza kunisumbua, maana kazi yangu ni vipandikizi, nakata tawi la mti mama nachomeka udongoni, najua lazima kuna mama na kuna kilichokatwa, na isitoshe tangu biashara iachiwe huru nimeshauziwa redio feki iliyokufa baada ya wiki mbili, nikajiuliza, je, Hope aliyetoka wa pili ana roho yake au ameazima ya dada yake?

Mshauri, nakiri kosa, fomu ya ubatizo niliijaza jina la Irine peke yake. Anjela alipoiona alicheka, kisha akaacha kucheka, akawavua watoto nyuzi za mkononi tulizowafunga ili tuwatofautishe, akawalaza kitandani akaniambia, "Haya Baba Irine, nionyeshe orijino, nimnyonyeshe huyo tu." Nilisimama kama mwizi wa kuku aliyekamatwa, wote wawili wakaanza kulia, nikambeba aliyekuwa karibu, akanyamaza hapohapo akanishika kidole, na kunyamaza kifuani kwangu ni tabia ya Hope, Irine hunyamaza kwa mama yake tu. Ubatizo ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nifanye nini?

Baba Irine, Olmotonyi

MSHAURI ANAJIBU

Baba Irine na Hope, marahaba, na hongera sana! Nimecheka mpaka nikapaliwa na chai. Sasa kaa chini nikuseme.

Redio yako ni feki kwa sababu kuna mtu aliitengeneza ili akudanganye. Hope amemdanganya nani? Amelia kwa njaa yake mwenyewe, na shati alilolikojolea bila shaka ni lako. Hata kesho wakimnakili mtu huko Ulaya kama walivyomfanya yule kondoo, atakayezaliwa atakuwa mtoto, atataka maziwa na jina, na Mungu hatamuuliza ametokea yai la nani. Roho haikatwi kwa kisu cha kitalu, bwana.

Tena wewe mtu wa Olmotonyi, bila shaka umekuzwa kwa ndizi za mlimani! Migomba iliyo nyuma ya nyumba ya mama yako nayo bila shaka ni machipukizi ya mgomba wa babu yako. Kila mmoja una mizizi yake na mkungu wake, na sijasikia umesusa chakula eti ndizi si orijino.

Halafu jibu umeliandika mwenyewe. Nyuzi zilivuliwa na bado ulimjua mwanao.

Nikuambie na la kwangu. Mimi ni pacha, nilitoka wa pili. Mimi na dada yangu Aikaeli tunafanana hadi baba alinichapa mara mbili kwa makosa ya huyo dada, na nakuhakikishia fimbo zile hazikumuuma Aikaeli. Kwa hiyo huu ushauri unaousoma umepewa na kopi.

Fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwa mchungaji ukajaze fomu ya Hope kwa mkono wako. Mwombe Anjela radhi mbele ya mama yako, na khanga mkononi, nzuri, usimletee ya kufutia meza. Waalike majirani, wapike, waimbe. Na Jumapili hiyo umbebe Hope wewe mwenyewe. Maji yakimgusa atalia, kisha atanyamaza kifuani kwako, na kanisa zima litajua huyu ni nani.