Paja la Mbuzi

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Bibi yako hajambo, ila jana tumemzika Masanja, mshambuliaji wetu wa enzi zile hapa Kharumwa.

Unauliza kama uache mpira, maana hii ni timu yako ya tano na hakuna anayekukumbuka. Sikukatazi. Mimi pia nilikuwa kiungo. Siku tuliyoshinda mbuzi wa zawadi, Masanja aliyefunga alipewa paja, mimi nikasahauliwa. Nikasusa mechi iliyofuata, dhidi ya Segese. Wenzangu wakafungwa. Kesho yake Masanja akaja nyumbani kwa baiskeli, akaniambia, "Mpira haukunifikia hata mara moja."

Jana msibani watu walisifu mabao yake. Wakati wa chakula mjane wake akawapita wote, akaniwekea mimi nyama ya paja.

Babu yako