Mkia wa Kushika Majini

Mjukuu wangu Poni,

Salamu kutoka nyumbani Sherikat. Nyanya yako goti limepoa, na mamako bado anauza samaki wakavu soko la Konyo Konyo. Sisi tuko, ila tangu utuambie utaogelea baharini huko Mombasa, kisha baiskeli, kisha mbio, yote siku moja, mimi chakula hakipiti.

Umeniuliza kama niliwahi kuogopa maji. Nilipokuwa kijana tulikuwa tukivusha ng'ombe mto Nile kwenda malisho ya kisiwani. Mvushaji hushika mkia, basi. Siku moja mkondo ulinizidi katikati, nikaachia mkia nikataka kumkumbatia ng'ombe shingo. Mjomba wangu, aliyekuwa akivusha wake nyuma yangu, akapiga kelele, "Utamzamisha, mfe wote! Shika mkia!"

Nikaushika. Ng'ombe hakuhangaika na ng'ambo. Alikuwa anapumua tu, kwa nguvu, pua juu ya maji. Bila kujua nikaanza kupumua naye, na mwili ukalegea. Tulitokea mbali na pale tulipokusudia, lakini tulitokea.

Ninalojua kuhusu maji ni hilo tu. Na wewe huko hutakuwa na mkia wa kushika, ndiyo maana usingizi sina. Basi pumua, Poni. Sisi hapa tutakuwa tunapumua nawe. Ukitoka majini, kabla hujapanda hiyo baiskeli, mwombe mtu simu utupigie. Wenzako wakikupita, wakupite.

Ni mimi babu yako.