Grainda ya Kijani Iliyotoka Dukani Bila Kava

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Nanyuki, Jumanne tarehe 18 Machi 2025, asubuhi.

Jina: Kajuju Kinyua
Umri: Miaka 23
Kazi: Karani wa mauzo, duka la hadwea la Mzee Theuri, Nanyuki
Makazi: Likii

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina diploma ya uhasibu na nimefanya kazi kwa Mzee Theuri tangu mwaka jana; funguo za duka hukaa nami, kwa kuwa mimi ndiye ninayefungua asubuhi. Namweleza Koplo Warigia kwa Kiswahili, lugha ninayoielewa vizuri. Nimeomba mlango ufungwe, naye ameufunga.

Nimeambiwa kwamba Bwana Gatobu, mkulima wa upande wa Timau, anazuiliwa hapa tangu jana. Shemeji yake, Kobia, amepiga ripoti kwamba Gatobu aligombana na mkewe, Karwitha, kisha akamkata kwenye taya kwa grainda. Gatobu anasema diski ilipasuka ikiwa kazini. Karwitha yuko hospitalini na bado hawezi kusema. Sikuwepo nyumbani kwao, kwa hiyo sitasema lolote kuhusu yaliyotokea huko. Nitasema yaliyotokea kwenye kaunta.

Mnamo tarehe 12 Machi, siku ya Jumatano, mwendo wa saa tano, Gatobu na Karwitha waliingia dukani. Sikuwa nawajua. Walitaka grainda, yaani mashine ya kukatia na kusugulia vyuma, ya bei nafuu, watengeneze wenyewe lango la zizi la ng'ombe, kwa sababu fundi waliyemtegemea alikuwa amewazungusha tangu Krismasi.

Karwitha alicheka, akaniambia, "Huyu msumari tu anaupinda. Sasa anataka mashine ya moto."

Gatobu akasema, "Mama Ivy, ngoja uone lango kwanza."

"Mimi ndiye nitashika bomba akikata. Kwa hivyo mimi ndiye nitachagua."

Niliwawekea mashine tatu juu ya kaunta. Niliwaambia kwamba kwa kazi ya nyumbani, ile ya kijani ya inchi nne na nusu inatosha, ingawa ndiyo ya bei ya chini kabisa. Niliwaonyesha swichi yake, ambayo ukiiachilia mashine inazima, mkono wa pili wa kushikia, na kava, yaani ile kinga ya chuma inayofunika nusu ya diski. Niliwaambia diski nyembamba ni ya kukata na nene ni ya kusugua, wasizibadilishane. Karwitha aliinua zote tatu kwa zamu na kuchagua hiyo ya kijani. Alisema haitamchosha mzee wake.

Kisha Gatobu akakumbuka kwamba nguzo za lango ni mabomba manene aliyoachiwa na babake. Akauliza kama diski ndogo itazimaliza. Nikamjibu kwamba itazimaliza, ila atalazimika kulizungusha bomba na kukata pande zote. Akauliza bei ya mashine kubwa. Nilipomwambia, alirudi kwenye ile ya kijani.

Mzee Theuri alikuwa karibu na mlango wa stoo. Alikuja akaniambia, "Madam, usichoshe watu na masomo." Alichukua ile mashine ya kijani, akalegeza skrubu, akatoa kava, kisha akafunga diski ya inchi saba. Tundu la katikati ni sawa, kwa hiyo inaingia. Inayoizuia ni kava peke yake. Akasema, "Hapo sasa! Mbili kwa moja. Umenunua ndogo, umepata kubwa."

Hii si mara ya kwanza. Wateja wengi huitaka hivyo, na ndivyo tunavyouza.

Karwitha aliuliza, "Na hiyo kava ilikuwa ya nini?"

Mzee alimjibu, "Ya kupendeza, mama."

Wote walicheka. Mimi pia nilitabasamu, kwa kuwa Mzee alikuwa ananitazama.

Kwenye diski hiyo imeandikwa kwamba isizidi mizunguko 8,500 kwa dakika. Kwenye mashine imeandikwa 11,000. Nilisema, "Mzee, hii diski haiwezi hiyo spidi." Nilisema kwa sauti ya chini lakini Gatobu alisikia. Alinigeukia akauliza, "Ingekuwa ni yako, ungechukua gani?"

Mzee Theuri alijibu kabla sijafungua mdomo. "Huyu ni wa vitabu. Amewahi kukata nini?"

Dukani kwetu mashine haitoki bila kujaribiwa mbele ya mteja. Mzee aliichomeka, akaiinua juu na kuiwasha. Ilinguruma vizuri. Mtu aliyekuwa akinunua rangi alipiga makofi. Haikugusa chuma chochote. Gatobu aliridhika, wakalipa wakaondoka.

Sikuona ugomvi wowote kati yao. Niliona watu waliozoeana. Karwitha ndiye aliyebeba mashine.

Jana, Jumatatu, Koplo Warigia alipofika dukani, Mzee alimwambia kwamba mashine iliondoka na kava yake na diski ndogo. Koplo alipotoka, Mzee aliniita stoo. Alisema, "Kajuju, ni sentensi moja tu: iliondoka na kava. Hayo mengine ni ya bwana na bibi." Nikamwambia kwamba yule mtu atafungwa. Akasema, "Na wewe utakula wapi?" Hakunigusa wala hakupaza sauti. Naomba hilo pia liandikwe, kwa sababu hajawahi kunidhulumu, na kazi hii ndiyo inayonilipia chumba.

Leo nimeonyeshwa kipande cha diski kilichotolewa kwenye ukuta wa zizi. Nakitambua. Kina ukingo wa karatasi nyekundu ya lebo, na ni cha diski ya inchi saba. Hatuuzi diski ndogo zenye karatasi nyekundu.

Kava tunazozitoa hutundikwa kwenye waya nyuma ya mlango wa stoo, na mbili tunawekea skrubu. Zote ni nyeusi isipokuwa moja ya kijani, ile ya mashine ya Gatobu. Jana jioni ilikuwa bado hapo. Naomba mtu aende kuichukua leo.

Sijalala vizuri na huenda nimeruka kitu, lakini hakuna nililoongeza. Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, na nitayarudia mahakamani nikiitwa.

Sahihi: K. Kinyua

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika mimi, Koplo Warigia, nikamsomea shahidi, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu bila kushurutishwa. Kabla hajainuka, simu yake ililia. Aliipokea mezani pangu. Alisema, "Ndiyo, Mzee. Nimewaambia ni wewe uliitoa kava." Kisha akasema, "Sawa. Funguo za duka nitazileta mwenyewe."