Jina la Chebet Kwenye Skrini

Jumanne jioni

...na bado sisikii chochote. Si furaha, si uchungu. Nimesahihisha vitabu, nimekula, nimekaa tu.

Saa tano nilichezesha Gredi ya Sita maswali ya sayansi mtandaoni. Tableti ni kumi, watoto hamsini na wanane, kwa hivyo kila kikundi kiliandika jina moja. Namba ya kuingia niliituma pia kwa grupu ya wazazi, kama kawaida yangu, ili walio wagonjwa nyumbani wacheze.

Majina yakatokea kumi na moja kwenye skrini ya projekta. La mwisho, Chebet.

"Nani anachezea jina la Chebet?" nikauliza kwa ukali. Chebet alihama muhula uliopita, mamake alipopata kazi kwenye shamba la maua Naivasha.

"Ni yeye mwenyewe, ticha," akasema Faith, aliyekuwa akikaa naye dawati moja. "Ako Karagita, huko Naivasha. Anatumia simu ya mathe."

Kumbe sikuwahi kumtoa mamake kwa grupu.

Alishinda vikundi vyote, peke yake. Darasa likapiga makofi. Nikapiga pia, tena kwa nguvu.

Nilikuwa nimeshazima projekta ndipo nikafikiria. Jumanne, saa tano asubuhi, katikati ya muhula. Na mtoto ako nyumbani na simu.

Baada ya shule nikaandika, "Mama Chebet, habari. Mtoto alipata shule huko?"

Jibu likaja papo hapo.

"Ni mimi ticha. Mum bado ako job. Kesho tunacheza saa ngapi?"