Kipande cha Matobolwa

Jumatatu, 12 Mei

Mayai, mlenda, chai ya rangi bila sukari. Mayu, mama yangu, amekunywa bila kukunja uso. Ana saratani ya titi. Ameshapata dawa mizunguko miwili kule Mwanza, na tangu nimtoe kwake machimboni Mwakitolyo nimlete hapa kwangu Nyahanga, mimi ndiye mpishi wake, muuguzi wake na askari wake. Ugali marufuku. Wali, viazi, ndizi, asali, vyote marufuku.

Kipindi cha pili nimefundisha heksokinasi, kimeng'enya kinachoidaka sukari inapoingia kwenye seli. Kinaipiga muhuri, haitoki tena. Sikuwaambia wanafunzi kwamba kwenye saratani kimeng'enya hiki huzidisha kazi, uvimbe ukabugia sukari mchana na usiku. Nimeyasoma mwenyewe, si umbea wa kwenye simu. Basi tuunyime chakula tuone.

Alhamisi, 15 Mei

Gauni lake la kanisani linampwaya. Nimelibana kwa pini. Dawa zile hukondesha, kila mtu anajua. Bado naogopa. Naamka naogopa.

Jirani yangu Mama Zuhura, muuza vitenge, kasema mgonjwa hanyimwi ugali aliokulia. Nimemjibu vibaya: yeye auze vitenge, mimi nafundisha baiolojia. Jioni nimempa shikamoo, kaitikia huku anaangalia pembeni.

Jumapili, 18 Mei

Nilikuwa naloweka nguo. Kwenye pindo la khanga ya Mayu nimekuta fundo, ndani yake kipande cha matobolwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa. Wanga na sukari tupu. Kapewa na nani? Mama Zuhura tu.

Nimefoka. Nimemfokea mama yangu mzazi kama nafokea kidato cha pili. Nikamuuliza, unataka kufa? Neno limeshatoka, halirudi. Kanyoosha mkono nimrudishie khanga yake. Nimemrudishia, na kipande kimo humohumo. Hasira ilikuwa imeniishia ghafla, nimebaki na aibu.

Jumatano, 21 Mei

Kaanguka akienda bafuni. Hakuumia. Nimemwinua peke yangu, na wepesi wake umenitisha kuliko kuanguka kwenyewe. Huyu ndiye aliyekuwa anabeba sufuria zima la makande kichwani, kutoka jikoni mpaka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, akiwauzia wachimbaji.

Nimemuuliza kama yuko sawa. Yuko sawa, kasema, mwalimu wake anajua.

Roho iko juu. Jumanne ni Mwanza. Nimeongeza yai.

Jumanne, 27 Mei. Mwanza

Hawakumpa dawa.

Muuguzi kampandisha kwenye mizani, kaangalia kadi, kamshusha, kampandisha tena. Daktari, dada wa umri wangu, kasema uzito umeshuka mno na damu haitoshi. Akipewa dawa leo itamwangusha. Tukichelewa sana, uvimbe nao hautusubiri. Akamgeukia: mama, nyumbani unakula nini?

Mayu kajibu kabla sijafungua mdomo. "Nakula vizuri, daktari. Ugali, wali, viazi. Binti yangu ananilisha hasa. Ni mimi tu sina hamu."

Kanidanganyia, kwa uso mkavu. Na mimi nikanyamaza. Nikapokea dawa ya kuleta hamu ya kula, nikashukuru, tukatoka.

Tulifika mpaka getini. Nikamkalisha kwenye benchi, nikarudi mbio, nikaingia bila hodi, nikasema yote. Kimeng'enya, marufuku zangu, yote. Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kasema kimeng'enya hicho Mayu anacho mwili mzima, mpaka kwenye ubongo. "Ukimnyima wanga, ini linatengeneza sukari kwa nyama yake mwenyewe. Uvimbe haukosi, mwalimu. Anayekosa ni yeye."

Hilo nalifundisha. Ni mada inayofuata. Elimu yangu imenitokea puani.

Alhamisi, 29 Mei

Ugali na maziwa mgando. Uji wa karanga, sukari ya kutosha. Anakula kidogo, anapumzika, anakula tena. Kijiko kikisimama, nahesabu mpaka kiinuke tena. Je, nimechelewa? Siulizi mtu, naogopa jibu.

Nimekwenda kumwomba radhi Mama Zuhura. Nikamwambia pia nilimshuku kwa yale matobolwa. Kanitazama. Kumbe alikuwa anampelekea bakuli zima nikiwa shuleni, na kila mara Mayu alimrudishia. Mwalimu wangu kakataza, ndivyo alivyokuwa anasema. Siku moja tu alichukua kipande kimoja. Cha kunusa, alisema.

Nimerudi kwa njia ya nyuma, nisionekane nalia.

Jumatano, 4 Juni

Katapika uji wote. Nimepika mwingine. Katapika. Nimepika mwingine, huo umekaa. Darasani nimechanganya mada, wanafunzi wakanisahihisha. Nimewafukuzia nje wawili bila kosa, kisha nikawaita warudi.

Jumanne, 17 Juni. Mwanza

Wakati anapanda mizani niliangalia ukutani. Muuguzi ndiye aliyeniambia nigeuke. Imepanda. Si sana. Dawa kapewa.

Nimemuuliza daktari kama nimemharibia. Kasema hawezi kujua, na hatanidanganya. Kisha akasema, mlete tena, akiwa ameshiba.

Jumamosi, 21 Juni

Kimya leo. Jua la asubuhi barazani. Mama Zuhura kaleta bakuli la matobolwa, kasalimiana na Mayu, kaenda zake dukani. Tumekunywa chai, yeye na sukari yake.

Nimemuuliza mbona hakula matobolwa siku zile, na mimi nilikuwa shuleni. Nani angemwona?

"Nilikusomesha kwa makande ili ujue kuliko mimi," kasema. "Sasa umejua, nisikusikilize?"

Kafungua pindo la khanga. Kipande kilekile, kimekuwa cheusi, hakina hata alama ya jino. Kanipa mkononi.

"Kula. Na wewe umekonda."

Kilikuwa kigumu. Nimekitafuna chote.