Sululu Waliobaki Ghubani

Mke mwenzangu Zuhura,

Pokea salamu zetu sote wa hapa Bluff, Durban. Babu yako, mume wetu, hajambo, ila baridi imemfanya alale na soksi. Mama yako kapanda mchicha hadi mlangoni.

Umeniuliza kama nitaudhika usiporudi Idi hii. Mwaka wa tisini na nane ndiyo kwanza tumehamia Durban kutoka Tanga, na sikuweza kwenda kumwona mama yangu. Nililia sana. Asubuhi moja ya baridi rafiki yangu Mkongo, Mama Aline, akanichukua kutazama ndege kwenye kinamasi cha mikoko karibu na bandari. Akanipa darubini yake. Nikaona sululu wachache, wenye midomo mirefu iliyopinda, wakichokoa kaa matopeni.

“Wakubwa walisharudi kwao kaskazini,” akaniambia. “Hawa iko watoto. Bado hawana nguvu ya safari.”

“Mama zao hawakasiriki?”

“Eish! Mama yao anajua chakula iko huku.”

Nikacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Jioni nikampigia mama simu, nikamwambia siji. Akaniuliza, “Lakini unakula?”

Nami sina swali jingine, mwanangu. Unakula?

Akupendaye,
Bibi Mwanaidi